Barua ya Kumsifu Nishimwe

Fomu ilikuwa na nafasi kumi za kujaza shughuli za nje ya darasa, na kwa siku tatu Mwalimu Emerance alikuwa ameweza kujaza mbili tu: kwaya ya kanisa, na mpira wa wavu kwa muhula mmoja.

Haikuwa fomu yake. Ilikuwa ya mwanafunzi wake, Nishimwe, msichana wa mwaka wa mwisho katika shule moja ya sekondari huko Gashonga, ambako barabara ya vumbi jekundu inapita katikati ya migomba na mashamba ya muhogo. Nishimwe alikuwa wa kwanza darasani tangu alipoingia shuleni hapo. Sasa chuo kikuu kimoja cha Kanada kilikuwa kimetangaza kwamba kitachukua wanafunzi wachache kutoka shule za mashambani na kuwasomesha bure mpaka wamalize. Wachache kweli, kwani katika maelfu watakaoomba wangepita kumi na wawili. Mkuu wa shule, Mzee Niyomugabo, alipolisoma tangazo hilo alimwita Emerance ofisini.

"Wewe uko na Kifaransa, Kiingereza unakisukuma, na mutoto anakuheshimu," alimwambia. "Umutengenezee dosie. Dosie yenye nguvu."

Ndivyo Emerance, mwalimu wa biolojia kwa miaka ishirini na mitatu, alivyojikuta na kazi asiyoijua mwanzo wala mwisho wake.

Yeye mwenyewe hakuwahi kutengenezewa dosie, yaani jalada la maombi. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi waliotoka Cyangugu, upande huu, siku nyingi. Alipomaliza sekondari alipeleka chuoni karatasi moja yenye jina lake na asilimia alizopata, na karani aliyeipokea hakumtazama hata usoni. Alikuwa mwaka wa pili wa ualimu vita vilipofika Bukavu mwaka 1996. Akavuka mto Rusizi pamoja na mama yake, akaanza maisha upya katika nchi ambayo wazazi wake waliiita nyumbani na ambayo yeye hakuijua. Alimalizia masomo, akaolewa, akafiwa na mume, akalea watoto wawili ambao sasa wanafanya kazi Kigali. Mpaka leo Kiswahili chake ni kile cha Bukavu, na akikasirika darasani wanafunzi husikia "Munyamaze, batoto!" kabla ya neno lolote la Kinyarwanda.

Mwezi wa kumi shirika moja liliwaita walimu kwenye mafunzo ya siku moja katika hoteli ya Kamembe. Aliyefundisha aliitwa Christelle, binti wa watu wa Bukavu anayeishi Kigali, mpole, mwenye kompyuta nyembamba kama daftari. Alizungumza vizuri, na kila alichosema Emerance alikiandika. Shida ilianza aliporudi kusoma alichoandika.

Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba alama peke yake hazitoshi, kwa sababu wote wanaoomba wana alama nzuri. Wa pili ulisema mwanafunzi aonyeshe uongozi. Wa tatu, asijionyeshe. Wa nne, awe na shughuli nyingi nje ya darasa. Wa tano, asitapanye nguvu, azame mahali pamoja. Na mwisho, kwa herufi kubwa, kwa sababu Christelle alilirudia mara tatu: AWE YEYE MWENYEWE.

Wakati wa chai Emerance alimfuata dirishani.

"Binti yangu, unisaidie. Fomu iko na nafasi kumi. Wewe unasema azame pahali pamoja. Sasa zile zingine tisa tutatia nini?"

Christelle akatabasamu. "Maman, si lazima zijae zote."

"Na mwenye kuzijaza zote?"

"Huyo naye ni vizuri."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inategemea, Maman. Bale bantu banataka kumuona mutoto mwenyewe. Umutafutie hadithi yake."

Emerance alirudi Gashonga nyuma ya pikipiki, ameukumbatia mfuko wa makaratasi, akijiuliza hadithi ya mtoto inatafutwa wapi. Alikuwa amemfundisha Nishimwe miaka sita. Alijua mwandiko wake, alijua kwamba huchora seli ya mmea bila kufuta hata mara moja, alijua kwamba hukohoa kidogo kabla ya kujibu swali. Zaidi ya hapo hakujua kitu, na jambo hilo lilimshtua.

Mzee Niyomugabo hakushtushwa na chochote. "Uongozi? Tumuundie klabu," alisema. Klabu ya Mazingira ikazaliwa siku ya Jumanne, Nishimwe akiwa mwenyekiti. Wiki iliyofuata wanafunzi walipanda miche arobaini ya grevilea nyuma ya uwanja wa mpira. Mkuu wa shule akapiga picha kwa simu yake, Nishimwe ameshika jembe, sketi yake safi bila doa la udongo. Ijumaa mbuzi wa majirani waliingia. Jumatatu ilibaki miche sita.

"Picha tunazo," alisema Mzee Niyomugabo. "Andika kwamba alianzisha klabu, akapanda miti arobaini."

"Lakini Mzee, hakuanzisha yeye. Na miti haiko."

"Ilipandwa, haikupandwa?"

Miti ilipandwa, kweli. Emerance aliandika sentensi hiyo kwa penseli katika nafasi ya tatu, akaiacha hapo.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba mwenyekiti mwenyewe hakuonekana klabuni. Kila Jumatano na Jumamosi alasiri Nishimwe alitoweka kabla kengele haijanyamaza. Siku nyingine alichelewa asubuhi. Emerance alimsimamisha mlangoni mwa maabara.

"Unakimbiliaka wapi kila Jumatano?"

"Nyumbani, Mwalimu. Kuna kazi."

"Kazi gani?"

Nishimwe alikohoa kidogo. "Ya nyumbani tu."

Jumatano iliyofuata Emerance alikodi pikipiki akaenda kwao bila kutoa taarifa. Alijiambia kwamba anakwenda kutafuta ile hadithi. Ukweli ni kwamba alikuwa na hasira. Alikuwa amejiandaa kumwambia mzazi kwamba mtoto mwenye nafasi ya kwenda Kanada hafungwi nyumbani amenye maharage.

Nyumba ilikuwa chini ya barabara, na mbele yake palikuwa na benchi. Wanawake watatu walikuwa wameketi hapo na watoto wao. Emerance akakumbuka jambo alilowahi kulisikia na kulisahau: mama yake Nishimwe, Nyirahabimana, alikuwa mshauri wa afya wa kijiji. Ni mmoja wa wale wanaochaguliwa na majirani, wakapewa mafunzo, sanduku la dawa na daftari, ili mtoto mwenye homa apimwe karibu na kwao. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, wa miaka hamsini na kitu, aliyekulia Uvira, na sauti yake, mgeni alipobisha hodi na kujitaja, ilikuwa ya mtu asiyejua haraka.

"Karibu Mwalimu, karibu sana. Uingie, ukae pale dirishani. Tumalize na huyu."

Huyu alikuwa mtoto mchanga anayechemka homa. Nyirahabimana alimshika shingoni, akamshika tumboni, akaweka kiganja kifuani na kuhesabu pumzi kimyakimya. Akamuuliza mama wa mtoto maswali mengi, hata ya wifi yake aliyeugua mwezi uliopita. Kisha akakishika kidole cha mtoto, na Nishimwe akakichoma. Tone la damu likawekwa kwenye kipimo, kipimo kikawekwa mezani, wakasubiri. Walisubiri robo saa nzima, na katika robo saa hiyo walizungumza habari za mvua, na mume wa nani amerudi, na muhogo unaooza ardhini. Halafu Nishimwe akakichukua kipimo, akaenda nacho mlangoni penye mwanga, akarudi.

"Maman, hiki cha mistari miwili nikiweke wapi?"

"Weka pale," alisema mama yake, akamgeukia yule mzazi. "Ni malaria, mama. Lakini umeiwahi."

Nishimwe alitoa vidonge sandukuni akavitia kiganjani mwa mama yake. Mama akampa mzazi na kueleza asubuhi na jioni, na maziwa ya mama, na dalili za kumkimbiza kituo cha afya. Nishimwe alikuwa ameshaanza kuandika daftarini. Emerance alitazama na kufikiri, hawa wanafanya kazi kama mikono miwili ya mtu mmoja. Jua lilikuwa limemfikia usoni, akahama kutoka kiti cha dirishani kwenda kigoda cha ukutani.

"Chai, Mwalimu," alisema Nyirahabimana, akanyoosha kikombe kwa heshima, kwa mikono miwili, kuelekea kiti cha dirishani.

Kikombe kikabaki hewani mbele ya kiti kitupu.

Ilikuwa kitambo kifupi sana. Nishimwe aliinuka, akakipokea kikombe, akamletea mwalimu wake pale kigodani. Macho yao yakakutana. Emerance akanywa chai yote ikiwa ya moto, bila kupuliza.

Nishimwe alimsindikiza mpaka barabarani. Walipanda kilima, na walipofika juu msichana ndiye aliyeanza.

"Ilianza nikiwa mwaka wa nne. Anaona mwanga na kivuli cha muntu. Maandishi haoni. Mistari ya kipimo haoni."

"Na kituo cha afya banajua?"

"Hapana. Bakijua batachukua sanduku." Alisimama. "Mwalimu, si uongo. Yeye ndiye anayejua. Anamjua kila mutoto wa hapa tangu tumboni. Mimi ni macho tu."

"Nishimwe, unasoma vipimo, unatoa dawa, unaandika ripoti ya kijiji kizima. Miaka miwili! Unajua hiki ndicho wanachokitafuta wale watu? Mimi nilikuwa nahangaika na miti!"

"Usiandike, Mwalimu."

"Lakini..."

"Naomba. Usiandike."

"Tutaona," alisema Emerance, na pikipiki ikaja.

Njiani kichwa chake kilijaa nyuki. Alikuwa ameipata hadithi, na alikuwa ameambiwa aiache. Tena, kama mwalimu wa biolojia, alijua maana ya dawa kutolewa na mtoto wa shule. Je, amshtaki mama huyo? Kwa nani, na kwa kosa lipi, ikiwa hakuna mtoto aliyedhurika? Na je, angejuaje kwamba hakuna aliyedhurika? Kila swali alilolishika lilizaa jingine. Usiku alilala vibaya, na asubuhi alifundisha somo la figo mara mbili kwa darasa lilelile, mpaka mwanafunzi akamkumbusha.

Alasiri ya Alhamisi, maabara ikiwa tupu, alikaa na kuandika barua ya kumsifu Nishimwe, ile ambayo kila mwombaji hutakiwa kuandikiwa na mwalimu wake. Alijiambia anaandika ili tu aone itakuwaje. Ikaja yenyewe, kama maji. Aliandika benchi, na mtoto mwenye homa, na mama asiyeona, na msichana anayebeba kipimo mpaka mlangoni. Alipomaliza alilia kidogo. Hakuwahi kuandika kitu kizuri hivyo maishani mwake.

Hakutaka kuituma kwa siri. Ijumaa alimwita Nishimwe, akampa aisome. Msichana aliisoma polepole, akaigeuza, akaisoma tena. Kisha akaikunja mara mbili na kuiweka mezani.

"Mwalimu, humu ndani mimi nimekuwa muntu muzuri sana," alisema. "Na mama yangu amekuwa nini?"

Emerance aliivuta barua, akaikunjua.

"Amekuwa kipofu anayepimisha watoto wa watu. Sivyo? Bale ba Kanada batamuhurumia, na mimi batanichukua. Kisha siku moja muntu atapiga simu hapa kuuliza kama ni kweli." Alikuwa hatetemeki, na hilo ndilo lililoumiza. "Afazali miti."

"Miti ni uongo, Nishimwe."

"Najua. Lakini miti haina mama."

Aliondoka. Emerance alibaki na makaratasi mawili mbele yake, fomu na barua. Katika fomu palikuwa na uongo wa penseli ambao haukumuumiza mtu yeyote. Katika barua palikuwa na ukweli mtupu ambao ungemvunja mama wa watu. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watoto kwamba ukweli ni bora, na alikuwa akilisema hilo kirahisi, kama mtu anayesema maji huchemka. Sasa hakujua tena alikuwa akisema nini.

Alimpigia simu Christelle, bila kutaja jina la mtu. Christelle alisikiliza mpaka mwisho. "Hadithi ina nguvu sana, Maman," alisema. "Lakini si yako. Na sijui kama ni ya mwanafunzi."

"Ni ya nani?"

"Sijui, Maman. Kweli sijui."

Jumapili baada ya ibada Emerance alishuka tena kwenye ile nyumba. Nishimwe alikuwa mazoezini na kwaya. Nyirahabimana alikuwa peke yake uani, anachambua maharage kwa vidole, akitupa mabovu pembeni bila kukosea.

"Maman Nishimwe, nimekuja kwa ajili ya macho yako."

Vidole vikasimama. "Mutoto amekuambia?"

"Hapana. Niliona kikombe."

Nyirahabimana alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kikombe! Miaka miwili najihazari na kila kitu, kikombe kinaniuza."

Emerance alimweleza yote: Kanada, nafasi kumi, miti, barua. Alikuwa ameibeba barua, akamsomea, akiitafsiri polepole. Alitegemea hasira. Mwanamke yule alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na barua ilipokwisha aliyasukuma maharage pembeni.

"Nikwambie kitu, Mwalimu, ambacho hata padri sijamwambia," alisema. "Nishimwe aliponiambia habari za Kanada, niliomba kwa Mungu akose ile nafasi. Nilipiga magoti hapa hapa, nikaomba mutoto wangu akose. Kwa kuwa nilijiuliza, akienda, nitabaki na macho ya nani? Kisha nikaogopa, nikaomba tena Mungu asinisikie." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sasa sijui ni ombi gani lilifika."

Emerance alichukua maharage, akaanza kuchambua naye, na aliyakosea zaidi kuliko yule asiyeona.

Jumatatu asubuhi, bila kumwambia binti yake, Nyirahabimana alijifunga kitenge kipya, akajitwisha sanduku la dawa, akashikwa mkono na jirani mpaka kituo cha afya. Alimwambia muuguzi mkuu, "Nimekuja kurudisha. Macho yangu yamekwisha." Muuguzi alimmulika kwa tochi, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba yanafanyiwa upasuaji. Akaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Daftari lilikaguliwa ukurasa kwa ukurasa. Halikuwa na kosa. Hata hivyo sanduku lilibaki kule, na wiki hiyo hiyo akapewa mama mwingine wa upande wa pili wa kilima.

Habari ilimfikia Nishimwe shuleni. Alikuja mpaka mlango wa maabara, hakuingia.

"Mwalimu, ulienda kumwambia nini?"

"Nilimsomea barua."

"Sasa benchi liko tupu. Anakaa pale asubuhi, anangoja, hakuna anayekuja. Umefurahi?"

"Hapana," alisema Emerance. "Sijui. Hapana."

Hawakuzungumza kwa siku kumi. Katika siku hizo Emerance alijiona mwovu asubuhi na mwema jioni, na wakati mwingine yote mawili katika kipindi kimoja cha somo. Macho yatatibiwa, alijiambia. Lakini alikuwa amemfanya mwanamke huyo ajivue kitu alichokuwa akijivunia kuliko vyote. Alijaribu kupima kipi kinazidi, akashindwa.

Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, siku chache kabla ya fomu kufungwa, Nishimwe alikuja nyumbani kwa Emerance na karatasi zake. Alikuwa ameifuta klabu ya miti kwa kifutio. Katika nafasi ya tatu aliandika: "Nilimsaidia mama yangu kazi yake." Basi. Saba zilibaki wazi. Insha yake, ile waliyotaka aeleze yeye ni nani, haikumtaja mama hata mara moja. Ilieleza dakika kumi na tano za kusubiri kipimo cha malaria, na mambo ambayo watu huzungumza katika dakika hizo huku wakiogopa kutazama mezani.

Emerance aliisoma akakunja uso. "Ni nzuri. Lakini wewe uko wapi humu? Christelle alisema wakuone."

"Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza, Mwalimu."

"Watakuelewa?"

"Sijui."

Na barua? Nyirahabimana alikuwa ametuma ruhusa: Mwalimu aandike anachotaka, yeye hana cha kuficha tena. Nishimwe alilisema hilo akitazama sakafu, na Emerance akaelewa kwamba ruhusa ya mama haikuwa ruhusa ya binti. Akaandika barua nyingine, fupi. Aliandika kwamba amemfundisha msichana huyu miaka sita, kwamba ana akili, anasema kweli, na akiaminiwa jambo hulibeba bila kelele. Ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Mzee Niyomugabo aliiona, akaona na nafasi saba zilizo wazi, akashika kichwa. "Tumepoteza," alisema. Waliituma dosie hivyo hivyo, mtandao wa shule ukikatika mara mbili.

Mwezi wa pili Nishimwe alihojiwa kwa video, katika ofisi ya mkuu. Emerance alikaa kwenye kona ambako hakuonekana. Mzungu mmoja mwenye ndevu na mama mmoja mwenye miwani walimuuliza Nishimwe habari za mpira wa wavu karibu nusu ya muda: anacheza nafasi gani, kwa nini aliacha baada ya muhula mmoja, timu ilisema nini. Kuhusu malaria waliuliza swali moja. Walipozima, Mzee Niyomugabo na Emerance walitazamana kama watu walioshuka kituo kisicho chao.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu jibu likaja: wamemweka kwenye orodha ya kusubiri. Shule nzima ilijadili maana yake. Mzee Niyomugabo alisema ni ndiyo ya adabu. Mwalimu wa hesabu alisema ni hapana ya adabu. Nyirahabimana, ambaye naye alikuwa kwenye orodha ya kusubiri ya macho, alisema, "Basi tungoje wote." Wakangoja. Mwezi wa sita ikaja barua pepe ya mistari minne: nafasi zimejaa, wanamtakia heri. Haikutaja sababu. Emerance aliisoma mara nyingi kutafuta sababu, akageuza hata simu upande wa pili, kana kwamba ingeandikwa nyuma.

Nishimwe alikosa shule siku mbili, siku ya tatu akarudi darasani. Mtihani wa taifa ulifanyika mwezi wa saba. Matokeo yalipotoka alikuwa miongoni mwa wa juu wa wilaya nzima, akapangiwa kusomea udaktari chuo kikuu cha Huye. Mambo hayo yaliamuliwa kwa namba tu, kama zamani za Emerance, hakuna aliyeuliza klabu wala hadithi. Katikati ya hayo, mama yake alipasuliwa jicho la kulia. Siku bandeji ilipofunguliwa alimtazama binti yake muda mrefu, akasema, "Umekonda. Hakuna aliyeniambia umekonda."

Jicho la kushoto lilikuwa bado linasubiri. Sanduku la dawa hakurudishiwa. Lakini yule mama wa upande wa pili wa kilima, aliyepewa kazi yake, alikuwa ameanza kumjia mara mbili kwa wiki kumuuliza habari za watoto asiowajua.

Siku ya Nishimwe kuondoka, Emerance aliwasindikiza yeye na mama yake mpaka stendi ya Kamembe. Godoro lilikuwa juu ya basi, na Nyirahabimana alikuwa anagombana na kondakta kuhusu ndoo. Mwalimu na mwanafunzi walisimama pembeni, kivulini.

"Mwalimu," alisema Nishimwe, "ungetuma ile barua ya kwanza, bangenichukua?"

Emerance alifikiri kwa uaminifu. Alikuwa amejiuliza swali hilo tangu mwezi wa sita, akiwa jikoni, akiwa kanisani, ubaoni akiwa na chaki mkononi.

"Sijui, mutoto wangu. Pengine."

"Nami sijui." Nishimwe alitazama upande wa mama yake. "Siku zingine nakukasirikia kwa sababu uliiandika. Siku zingine nakukasirikia kwa sababu hukuituma."

"Na leo?"

Msichana alikohoa kidogo, lakini kondakta aliita, mama naye akaita kwa sauti kubwa zaidi, na ndoo ikabidi ipokelewe dirishani. Nishimwe akapanda. Basi lilitoka taratibu, likashika barabara ya msitu wa Nyungwe. Nyirahabimana alipunga mkono muda mrefu kuliko watu wote, amefumba jicho moja, anatazama kwa lile lingine. Emerance alimsubiri mpaka alipomaliza, kisha wakaenda pamoja sokoni kununua dagaa wa sambaza.